Mwezekaji Asiyevunja Vigae

Alhamisi moja ya Julai, saa mbili kasorobo asubuhi, Eleuterio Quijada alikanyaga kigae kibaya na kigae hakikuvunjika.

Kigae kibaya, kwa waezekaji wa jiji la Phoenix, ni kile kilicholala juu ya mwenzake bila kukaa sawa, chini yake pana uwazi. Ukikikanyaga katikati hukatika kama biskuti, na nyapara aliye chini huusikia mlio hata kama anaongea na simu. Asubuhi hiyo Nabor Arriaga, nyapara, alikuwa chini anaongea na simu. Aliona kiatu cha Eleuterio kikitua pale pasipotuliwa, akakunja uso kuungojea mlio, na mlio haukuja. Akakata simu.

"Kompadre," aliita. "Hebu rudia."

Eleuterio akarudia, safari hii kwa kisigino. Kigae kikanyamaza.

"Njoo hapa ukingoni."

Eleuterio akaja. Nabor akapanda ngazi mpaka juu, akamshika mkanda, akamnyanyua kwa mkono mmoja, namna mtu anavyotoa shati kwenye kamba kuona kama limekauka. Lilikuwa limekauka.

"Umekuwa mwepesi."

"Kidogo," alisema Eleuterio.

"Vizuri. Upande wa mashariki umalize wewe peke yako. Hawa wengine wana miguu ya tembo."

"Miguu ya tembo anayo mama mkwe wako, Don Nabor!" alijibu Tacho kutoka kwenye mgongo wa paa. Tacho alikuwa mcheshi wa kikosi, na kila kikosi kina mmoja, kama kila mbwa alivyo na kupe. Watu wakacheka, wakaendelea kugonga misumari.

Nabor na Eleuterio walikuwa makompadre wa kweli, si wa mdomoni. Nabor ndiye aliyemshika mtoto wa Eleuterio wakati wa ubatizo kule kwao Sombrerete, ng'ambo ya mpaka, na tangu siku hiyo wanaume hao wawili hawakuitana tena kwa majina. Kompadre hakataliwi. Kompadre ndiye aliyekuvusha mpaka, akakupa nyundo, akakuonyesha chumba cha kupanga. Akikuambia umalize upande wa mashariki, unaumaliza, na ukibaki na nguvu unamuuliza na wa magharibi vipi.

Sababu ya wepesi ule ilijulikana. Eleuterio hakuwa akinywa maji.

Si kwamba hayakuwepo. Yalikuwepo, tena ya barafu. Kila alfajiri pikapu ya kampuni ilifika na pipa la plastiki la rangi ya chungwa lenye bomba ubavuni. Juu ya bomba palibandikwa picha ya tone la maji lenye macho na meno, linacheka, na maneno kwa lugha mbili: kunywa kila robo saa, usingoje kiu. Hapakuwa na mfanyakazi katika kampuni nzima mwenye furaha kama lile tone. Lakini pipa lilikaa chini, watu walikuwa juu, na katikati palikuwa na ngazi.

Ngazi nayo ilikuwa na desturi yake. Atakayeshuka kunywa kabla ya saa sita mchana alikuwa mwali. Kikosi kizima kiliweka nyundo chini kikampigia vigelegele. Tacho alivua shati lake lenye jasho akamtupia kichwani kama shela. Na mwali aliporudi, alipanda na mzigo wa vigae begani, ndiyo mahari yake. Nani aliianzisha desturi hiyo hajulikani. Nabor aliikuta kwa nyapara wake wa kwanza, ambaye naye aliikuta kwa wake. Ilikuwa na faida moja tu, nayo ni kwamba watu hawakushuka. Nabor mwenyewe alikunywa apendavyo. Kazi yake ilikuwa chini, karibu na bomba, na mtu aliye chini hana pa kushukia.

Eleuterio hakuwahi kuwa mwali. Katika jiji lile lenye watu kama siafu, hilo ndilo jambo pekee alilojulikana nalo. Wageni wa kazi walionyeshwa kwa kidole: "Yule pale hajashuka tangu mwanawe hajaota meno, na sasa mwanawe ana ndevu." Ndevu zilikuwa za kuongezea chumvi, ila masharubu yalikuwa yameanza. Eleuterio aliyasikia hayo, akageuka pembeni kama hakusikia, na siku hiyo nyundo yake ilipiga vizuri zaidi.

Hata saa sita ilipofika, kunywa hakukuwa rahisi. Kwao Sombrerete mtu mwenye joto mwilini hanywi maji ya barafu. Atapasuka ndani kwa ndani, na kila mtu anamjua mtu aliyemjua mtu aliyepasuka. Kwa hiyo Eleuterio alikaa kivulini akingoja mwili upoe kwanza. Ulipopoa, kiu ilikuwa imekwenda zake, na asiye na kiu anywe kitu gani? Alikunywa nusu kopo la soda, akapanda.

Alikopanga, mtaa wa Maryvale, chumba cha uani kwa mama mwenye nyumba, Doña Cuca, maji ya bomba yalinuka dawa. Majirani wote walinunua maji ya kunywa kwa mtungi wa galoni tano. Eleuterio naye alinunua mmoja. Lakini mtungi ule ni chombo cha nyumba yenye watu: mmoja anauinamisha, mwingine anashika sufuria. Aliujaribu peke yake mara moja, akavinywesha viatu vyake. Akauacha pembeni umejaa hivyohivyo. Jioni nyingine aliutazama, kisha akafungua bia.

Mwanzo wa kiangazi mkojo wake ulikuwa rangi ya chai. Juni ukawa rangi ya ukwaju. Julai ulikoma, akapunguziwa safari. Jasho nalo likakoma, na ngozi ikaanza kutoa sauti alipojigeuza kitandani, kama maganda ya mahindi yaliyoanikwa kwa ajili ya kufungia mikate ya tamale. Kisha ukaja wepesi. Mwanzoni ulikuwa jambo la viatu tu, viatu vilionekana kutangulia. Halafu akawa analala na mfuko wa maharagwe kifuani.

Jumapili moja maharagwe yalikwisha, na Doña Cuca alipokuja kuuliza kama chumba kina mende alimkuta darini, mgongo umegusa ubao.

"Eleuterio, umepanda huko kufanya nini?"

"Sijapanda, Doña Cuca. Nimeamka nikawa huku."

"Haya, na vile uko huko, futa tandabui."

Eleuterio akafuta tandabui. Alipomaliza, Doña Cuca, mjane mwenye magoti mabovu na sauti nzima, akamvuta mguu mpaka akafika kwenye kiti, akamkalisha, akamwekea pasi mapajani.

"Mwanangu, wewe unakunywa maji?"

"Nakunywa kahawa."

"Kahawa! Kahawa ni maji ya kuazima, asubuhi unapewa, saa nne unarudisha. Nasema maji. Ukiendelea hivi utaondoka moja kwa moja, na mimi hata sijui nimpigie nani simu."

Akaushika mtungi, yeye na magoti yake. Eleuterio akainuka kumsaidia, na kwa mara ya kwanza mtungi ule ukapata watu wawili. Akanywa glasi moja. Akanywa ya pili. Vidole vya miguu vikagusa zulia.

Basi kila jioni, akitoka kazini, aligonga mlango wa jikoni kwa Doña Cuca. Hawakuwa na mazungumzo ya maana. Mama yule alisimulia habari za marehemu mumewe, ambaye alikuwa fundi wa majokofu na alikufa akiwa na baridi. Eleuterio alikunywa. Ilikuwa imepita miaka tangu mtu amtazame mpaka amalize glasi. Mara nyingine aliinywa polepole, bila sababu.

Visigino vikarudi chini. Mkojo nao ukarudi, rangi ya ukwaju kwanza, kisha ya chai. Jasho likatoka siku moja saa tatu asubuhi, likamwingia machoni, akalikumbuka. Na Jumatano, upande wa kaskazini wa nyumba ya kona, akavunja kigae.

Nabor alipanda mwenyewe kuja kuangalia vipande.

"Kompadre, hii nini tena?"

"Nimeanza kunywa maji, kompadre."

"Wapi? Sijakuona ukishuka."

"Nyumbani. Mama mwenye nyumba hunishikia sufuria."

"Ehee!" alipaza sauti Tacho. "Kumbe mwali wetu anachezwa ngoma na ajuza! Na sisi tunamwita dume!"

Kikosi kikacheka, wengine wakalazimika kushika paa wasianguke. Nabor hakucheka. Alikaa karibu na kompadre wake juu ya vigae vya moto, akazungumza kwa upole, kama siku ile kanisani.

"Sikukatazi. Mtu na maji yake. Ila nimeshamwambia bosi, na bosi ametupatia mtaa mzima. Nimemwambia nina kompadre asiyevunja. Sasa nikamwambie nini? Kwamba nina kompadre ana kiu?"

Eleuterio aliona kwamba hilo haliambiki.

Jioni ile alipita dirisha la jikoni ameinama. Doña Cuca aliuona upara wake ukipita. Kesho yake akaweka glasi ya maji kwenye kizingiti cha dirisha, nje, pale ambapo mpangaji lazima apite. Hewa ya jangwa inakunywa kuliko ng'ombe. Asubuhi glasi ilikuwa tupu, na mama yule akaridhika. Akaijaza tena kila jioni, na kila asubuhi aliikuta tupu.

Wepesi ulirudi haraka kuliko ulivyokuja mara ya kwanza, maana sasa uliijua njia. Kufikia mwisho wa mwezi Eleuterio hakuwa akikanyaga vigae tena, alikuwa akivipitia. Alilaza kazi ya watu wanne, na hakuacha hata alama ya vumbi. Bosi akaja kuona. Alikuwa kijana mwenye viatu visivyowahi kukutana na tope. Alisimama chini, akaweka kiganja juu ya macho, akatazama muda mrefu.

"Si hatari?" aliuliza.

"Hawezi kuanguka, bosi," alisema Nabor.

"Nauliza juu. Hawezi kwenda juu?"

Nabor alikiri kwamba juu anaweza kwenda. Bosi akasema usalama wa wafanyakazi ndio jambo la kwanza katika kampuni, na alasiri hiyohiyo ikaletwa kamba: nyekundu, mpya, yenye kulabu za chuma. Ilikuwa kamba ya kwanza ya usalama kununuliwa na kampuni ile. Waezekaji wengine, ambao walikuwa wazito na waliweza kuanguka, waliipokezana mkononi kuitazama, wakaisifu. Kisha wakamfunga nayo Eleuterio kiunoni, na ncha nyingine kwenye bomba la kutolea hewa.

Sasa, kiu ina tabia ya mgeni. Usipomkaribisha hukata tamaa, hapiti tena. Lakini ukimpa kitanda siku chache hurudi kukiulizia, na Eleuterio alikuwa amemkaribisha jikoni kwa Doña Cuca. Kiu ilirudi siku ya Jumanne, saa nne na robo asubuhi, Eleuterio akiwa ameelea kimo cha mtu juu ya mgongo wa paa, mkononi ana kigae cha mwisho cha safu. Alikilaza kigae. Akakiweka sawa. Kisha akasema, wala si kwa sauti kubwa:

"Kompadre, nina kiu."

Nyundo zikanyamaza paa zima. Tacho alianzisha kigelegele kwa mazoea tu, kikamkatikia kooni, kwa kuwa hakuna aliyemwitikia.

Nabor alitazama saa. "Saa sita bado, kompadre."

"Najua. Nashuka hivyohivyo. Pigeni vigelegele, si kitu."

Akajivuta kwa kamba mpaka kwenye ngazi, akaweka mguu kwenye kidato cha juu. Mguu ukakataa. Akaweka wa pili, wa kwanza ukanyanyuka. Mtu hushuka ngazi kwa uzito wake, na yeye hakuwa nao. Alijaribu kichwa kikitangulia, akajaribu kinyumenyume, fulana imemfunika uso. Watu walimtazama kwa adabu, kama mtu anayetafuta funguo mifukoni. Hakuna aliyemshika mkono, si kwa ubaya, ila Nabor hakuwa amesema.

Aliyeshuka ni Tacho. Alishuka saa nne na nusu, mbele ya macho ya watu wote, akafungua bomba, akapanda na kikombe. Hakubeba vigae. Hakuna aliyempigia vigelegele, na kimya kile kilimtia aibu kuliko shela.

"Shika, mzee," alisema. "Polepole. Usinipasukie hapa, mimi sitaki kufagia."

Eleuterio alikunywa. Akashuka kama shubiri moja.

"Kingine," alisema Tacho.

"Tacho," aliita Nabor kutoka chini. "Hii ni saa ya kazi."

Kikombe kimoja kina uzito wa kikombe kimoja. Maji ya miaka hayanyweki kwa asubuhi moja, hata kama wangempa pipa zima na lile tone lenye meno. Ilipofika saa tano jua lilikuwa limekichukua kile kikombe, na shubiri imerudi ilikotoka.

Saa sita Nabor mwenyewe alimvuta kwa kamba, mkono kwa mkono, mpaka kivulini chini ya pikapu, akamshikilia pale kwa goti. Alikuwa kompadre wake na alimpenda. Alijaza kikombe kikubwa, barafu ikigongana ndani yake. Kisha akamgusa shingo, akatikisa kichwa.

"Una moto, kompadre. Maji haya ni barafu. Ngoja upoe."

"Ngoja upoe," walisema wengine, nao walijua.

Eleuterio alijua pia. Wakangoja. Nabor alimpepea kwa kofia. Kikombe kilisimama mchangani kikitoa jasho kwa nje, jasho jingi, na wote wakakitazama kana kwamba ni kikombe kinachofanya kazi. Kabla mwili haujapoa, saa ya mapumziko ilikwisha, na upande wa magharibi ulikuwa bado.

Kesho yake Tacho alihamishiwa kikosi cha Mesa, mbali, upande wa pili wa jiji. Ilisemekana vigae vyake vilikuwa vinavunjika.

Tangu hapo kikosi kilikuwa na utulivu, na kazi ilikwenda. Ili Eleuterio afike pande zote bila kufungwa upya, Nabor aliirefusha kamba. Kumshusha jioni na kumpandisha alfajiri kulikula nusu saa, kwa hiyo ikaonekana afadhali alale hukohuko. Nyumba za mtaa mpya zilihitaji mlinzi vilevile. Doña Cuca hakuambiwa, na glasi yake iliendelea kukutwa tupu.

Jumapili simu ililia. Ilikuwa katika mfuko wa shati, umefungwa kwa kifungo, na ndicho kitu kizito kuliko vyote alivyokuwa navyo, yeye mwenyewe akiwamo. Alikuwa mkewe, Ofelia, kutoka Sombrerete. Alipiga kila Jumapili baada ya misa.

"Eleuterio? Mbona sauti yako kama karatasi?"

"Ni upepo."

"Upepo wa wapi? Uko wapi?"

"Kazini."

"Jumapili?"

"Kompadre kaniachia mtaa niulinde."

"Hajambo kompadre?"

"Hajambo. Anakusalimu."

Ofelia akampa habari. Paa la jiko lilivuja. Mbuzi wa jirani alikula maua ya sanamu ya Bikira. Mtoto alikata nywele vibaya, sasa anavaa kofia hata mezani. Eleuterio alisema mhm, na mhm, na mwambie asivae kofia mezani. Desemba alitarajiwa nyumbani, lakini hilo hawakuligusa. Kisha Ofelia akakumbuka jambo.

"Nimeona kwenye televisheni kwamba huko kwenu joto linaua watu. Wameonyesha. Wewe unakunywa maji?"

Katika miaka yao yote hakuwahi kumuuliza hivyo. Kwao kisima kiko uani, na hakuna mtu anayemuuliza mwenzake kama ameona kisima.

Eleuterio alitazama chini. Kamba ilikuwa imenyooka yote, na kutoka pale aliuona upande mzima wa magharibi wa jiji, mtaa baada ya mtaa, vigae vyekundu alivyovilaza kwa mkono wake mwaka hadi mwaka. Nyuma ya kila paa palikuwa na bwawa la kuogelea. Kutoka paa la chini mtu haoni zaidi ya bwawa la jirani, lakini kutoka kule yalionekana yote pamoja, ya buluu, mamia kwa mamia, hadi kwenye milima. Mashine ndogo zilikuwa zikiyazungusha maji polepole yasilale. Hapakuwa na mtu hata mmoja ndani yake. Joto lilikuwa kali mno kwa mtu kutoka nje.

"Maji yapo mengi sana, Ofe," alisema. "Nayaona yote."

"Basi vizuri," alisema Ofelia. "Maana mtu akiwa peke yake husahau."

"Husahau," alisema Eleuterio.

Ofelia akamwomba asikate bado, akaenda kuangalia sufuria jikoni, na Eleuterio akabaki ameishikilia simu sikioni kwa mikono miwili, akisikiliza mtu anavyotembea sakafuni.